Mama Iteka Anaweka Mita Chini

Leo ni Jumapili tarehe 30 Novemba 2025. Ni mwaka mmoja na miezi tisa tangu niondoke Rulenge, na hapa nilipo, kwenye kambi ya barabara nje kidogo ya Tunduru, vumbi limeingia mpaka kwenye kalamu. Naandika kwa sababu ifikapo tarehe 31 Desemba, Bi Theodosia Nduwayo, ambaye sote tunamwita Mama Iteka, atastaafu kazi ya kuuza vitambaa katika Duka la Nyota Njema baada ya miaka thelathini na miwili na miezi kumi ya utumishi.

Aliyenipigia simu niandike ni Joyness wa kaunta ya viatu. Alisema wasifu huu utabandikwa kwenye ubao wa wafanyakazi, pale mlangoni mwa stoo, wiki ya kwanza ya Desemba, kisha utasomwa kwa sauti siku ya kuagana. Nilimuuliza kwa nini mimi, mpakua mizigo niliyeishia darasa la sita, wakati dukani wamo watu wenye vyeti. Akanijibu, "Kwa sababu wewe ndiye mtu pekee ambaye Mama hajawahi kumkamata. Lazima ulikuwa unamtazama sana."

Ndivyo watu wote wa duka wanavyoamini. Wanaamini kwamba Mama Iteka amekamata wezi tisa wa kweli katika maisha yake ya kazi, lakini mwizi wa mchezo, yaani mimi Danstan wa Nemba, amemshinda kila mwaka. Wanasema zoezi la tarehe 23 Desemba mwaka huu ndiyo nafasi yake ya mwisho kabla ya kwenda kupumzika. Kabla karatasi hii haijaisha nitasema kama jambo hilo ni kweli. Na nikishasema, huenda Mzee Tomasi, mwenye duka, asinifungulie tena mlango. Basi nianze na mazuri, ili akifika huko awe amekwisha kucheka.

Mama Iteka alizaliwa mwaka 1965, umbali wa saa moja kwa miguu kutoka misheni ya Rulenge. Alimaliza darasa la saba, akajifunza kushona kwa masista, akaolewa, akazaa watoto wanne. Tarehe 1 Machi 1993 aliingia kwa Mzee Tomasi kuomba kazi ya kufagia. Mzee alimpa ufagio. Kufikia mchana alimkuta amesimama nyuma ya kaunta, anamweleza mteja kwa nini kitambaa alichokishika kitachuja rangi akikifua. Mteja alinunua kingine kilicho bora zaidi. Mzee Tomasi akautafuta ufagio, akafagia mwenyewe. Anasema mpaka leo kwamba hakumbuki kumpandisha cheo Mama Iteka. Ila anakumbuka kwamba yeye ndiye aliyeshushwa.

Mwaka uliofuata wilaya yetu ya Ngara ilijaa wakimbizi kuliko duka lolote lilivyoweza kuhudumia, na Mama Iteka alikata vitambaa kutwa kucha kwa watu waliokuja na nguo walizovaa tu. Ndipo alipoanza desturi ya vidole viwili. Akishapima mita yako, kabla ya kukata huweka vidole viwili vya mkono wa kushoto mbele ya alama, na mkasi hupita mbele ya vidole. Vidole hivyo ni vya bure. Mzee Tomasi alilalamika kwa miaka mitatu, kisha akaona watu wanatoka Rusumo, wanaruka maduka yote ya njiani, wanakuja kununua kwake. Akanyamaza. Siku hizi hujisifu kana kwamba vidole ni vyake.

Mita yenyewe mnaijua. Ni ya mti, imetengenezwa na fundi wa misheni, ina vifuniko vya shaba kwenye ncha, na namba zake nyeusi zimepakwa rangi upya mara nyingi kuliko milango ya duka. Wateja wa Rulenge hawataki kusikia habari ya utepe wa fundi cherehani. Wanasema utepe unavutika, na mwenye kuuvuta anajua anavuta kwenda wapi. Lakini mti hauvutiki. Mita hiyo ikilazwa juu ya jora la kitambaa, hata mteja mkorofi hufunga mdomo.

Sasa niseme habari ya tarehe 24 Desemba, Siku ya Punguzo, maana ndiyo siku iliyomjengea Mama Iteka jina.

Ambaye hajafanya kazi kwetu anadhani Siku ya Punguzo ni siku moja. Si kweli. Mama Iteka huanza kuiandaa Novemba, mahindi yakiwa bado chini ya magoti. Huenda kila kigango baada ya misa akitazama watoto wamekua kiasi gani, kisha anarudi kumwambia Joyness, "Agiza viatu vya namba thelathini na mbili kwa wingi, darasa la tatu wote wameota miguu." Hupanga majora kwa rangi, na yale yanayopendwa na bibi huyaweka chini ili bibi asipande kiti. Huwaandaa mafundi cherehani wanne wa barazani, ambao siku hiyo hushona gauni la mtoto mteja akiwa amekaa anasubiri. Huwakagua sindano, uzi na mafuta ya cherehani kama askari anavyokaguliwa bunduki. Fundi aliyewahi kufika na cherehani inayolia alirudishwa nyumbani kuinywesha mafuta, na alipokuta nafasi yake imechukuliwa alishona vifungo mpaka jioni.

Na tarehe 23 ni zoezi.

Saa saba mchana milango hufungwa. Wafanyakazi wote tunageuka wateja, na Mama Iteka anagawa sehemu. Joyness huwa mama mwenye watoto wanne ambao wote wanataka kujisaidia kwa wakati mmoja. Mafundi huwa ukoo mzima kutoka kijiji kimoja, unaotaka sare ya kitambaa ambacho kimebaki mita mbili. Mzee Tomasi naye anapewa sehemu. Yeye ni mtu wa kwenye foleni, basi. Kila mwaka anajaribu kupita mbele, na kila mwaka Mama Iteka anamrudisha kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mzee, shikamoo, lakini leo hapa huna duka. Leo una foleni. Rudi nyuma ya yule dada." Mzee anarudi nyuma akinung'unika, na sisi tunajifanya tunakohoa.

Mimi nilipewa sehemu ya mwizi. Niliingia dukani mwaka 2013, na Desemba hiyo hiyo Mama Iteka alinitazama toka juu mpaka chini mbele ya watu wote. Akasema, "Huyu ndiye mwizi wangu. Mwizi hafanani na mwizi. Danstan anafanana na mtumishi wa altare."

Kanuni ilikuwa nyepesi. Mwizi anaiba kitu kimoja wakati zoezi likiendelea, Mama anajaribu kumwona. Zoezi likiisha bila mwizi kukamatwa, mwizi anaonyesha alichoiba na jinsi alivyokiiba, na duka linajifunza. Mwaka wa kwanza niliiba birika nikalivaa kichwani chini ya kofia ya mvua. Mwaka wa tatu niliiba viatu vya kushoto vitupu, kumi na viwili. Mwaka 2017 niliiba kiti cha Mzee Tomasi wakati yeye yuko kwenye foleni, naye alijua baada ya kukaa. Mwaka 2019 nilitoka na gunia la mchele kwa mlango wa mbele, begani, taratibu, nikimsalimia kila mtu. Hakuna aliyenisimamisha, maana mpakua mizigo akibeba gunia ni kama ukuta ukisimama.

Usidhani ulikuwa utoto. Baada ya gunia lile, Mama Iteka aliweka sheria kwamba kila mzigo unaotoka lazima utajwe kwa sauti na Joyness aitikie. Kesho yake, katikati ya msongamano, mtu asiyejulikana alitoka na katoni ya mafuta begani kimya kimya, na duka zima likageuka kumtazama kwa sababu hakuna aliyeitikia. Aliiweka chini akasema alikuwa anaisogeza. Na yule mwanamke aliyeingia na mimba kubwa, Mama Iteka alimsindikiza kwa heshima zote mpaka mlangoni, akamwambia, "Pole mama, utajifungua hapa hapa." Alijifungua mablanketi mawili.

Hao ndio aliowakamata. Mimi hakunikamata. Kila tarehe 23 jioni alinipa soda, akasema, "Mwakani." Ndivyo ilivyoandikwa katika vichwa vya watu wa duka, na mimi niliacha iandikwe hivyo.

Sasa nafika mwaka 2021.

Kama mnavyojua, kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio, duka huweka pango la Noeli kwenye kona ya mlangoni. Sanamu ni za Mzee Tomasi. Mtakatifu Yusufu ana kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, na mkono wake wa kulia una tundu la kushikia fimbo, ila fimbo yake ya asili ilivunjika zamani. Tarehe 23 jioni katekista Protasi huja na mkokoteni kuchukua pango zima, kulipeleka kanisani kigango cha mlimani, ambako wengi wetu tunasali.

Mwaka huo nilikuwa nimechoka kuiba vitu vidogo. Mke wangu Anneth alikuwa na wiki tatu tangu ajifungue mtoto wetu wa kwanza, nami nilikuwa natembea kama mtu aliyeteuliwa kuwa mkuu wa wilaya. Nikasema moyoni, leo naiba mita ya Mama Iteka. Joyness na watoto wake wanne wa kujifanya walipoanza kelele, Mama akaiweka mita juu ya kaunta ili amwonyeshe choo kiko wapi. Nilipita, nikaichukua, hatua nne, nikaitumbukiza kwenye mkono wa Yusufu, namba zikielekea ukutani. Nikarudi nyuma kumtazama. Ilimkaa kama alizaliwa nayo. Watu walipita mbele yake saa nzima na hakuna aliyeona kitu. Nilikuwa nauma kiganja changu nisicheke.

Kisha Mzee Tomasi akaniita uani nisaidie kufungua turubai la lori. Nilichelewa dakika chache tu. Niliporudi, kona ya mlangoni ilikuwa tupu. Protasi alikuwa amewahi mwaka huo kwa sababu ya mawingu, akapakia Familia Takatifu, ng'ombe na punda, akaondoka na mita yetu.

Hapo hapo Mama Iteka akapiga makofi. "Zoezi limekwisha. Haya mwizi, toa."

Ningesema kweli, tungecheka, ningekimbia mlimani, ningerudi nayo kabla ya jua kuzama. Lakini niliona aibu. Mwizi bingwa ameibiwa na katekista! Nikaingiza mkono mfukoni, nikakuta kipande cha sabuni nilichokuwa nimenunua asubuhi kwa ajili ya nepi za mtoto. Nikakitoa. "Sabuni tu, Mama. Mwaka huu nimezeeka." Watu wakanizomea. Nilipanga niamke alfajiri nikaifuate mita. Alfajiri likaja lori la pili, la sukari na saruji, nami ilipofika saa mbili nilikuwa bado napakua.

Saa mbili milango ilifunguliwa, na watu walikuwa wamejaa mpaka kwa wauza vitumbua. Mteja wa kwanza alitaka mita tatu za kitambaa cha bluu. Mama Iteka akanyoosha mkono pale mita inapokaa siku zote, na mkono ukagusa kaunta.

Walitafuta chini ya majora, juu ya kabati, mpaka ndani ya jiko la mkaa. Joyness akaleta utepe. Kelele zikaanza. "Mita ya Mama iko wapi?" "Leo ni Punguzo, wamepunguza na mita!" Mwanamke mmoja akaliweka chini jora alilokuwa amelikumbatia, akageuka kuondoka, na nyuma yake wakageuka watano. Mzee Tomasi akapanda juu ya kreti. Alisema, na mimi nilimsikia nikiwa mlango wa nyuma na mfuko wa saruji begani, "Aliyeichezea mita ile leo, sitaki kujua ni nani wala ana shida gani. Asikanyage hapa tena. Leo leo."

Nilikuwa na mdomo. Sikuutumia. Nilimfikiria Anneth na mtoto wa wiki tatu, nikauhamishia mfuko bega la pili, nikaenda stoo.

Mama Iteka alimwita bibi mmoja aliyejifunga kitambaa alichokinunua kwake mwaka uliotangulia. "Bibi, shikamoo. Hiki ulichukua mita ngapi kwangu?"

"Marahaba. Mbili."

"Nipe nikipime." Akashika ncha moja kwenye pua yake, akanyoosha mkono wa kulia mpaka mwisho wa kidole, mara moja, mara mbili. Kikabaki kipande chembamba. Akaweka vidole viwili pembe hii ya kipande, na viwili pembe ile. Vilienea. Bibi akageukia watu akasema, "Yezu na Maria, mita iko ndani ya huyu mwanamke!" Watu wakacheka, na yule aliyetaka kuondoka akaliokota jora lake.

Mama Iteka alipima kwa mkono kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Pua mpaka kidole, pua mpaka kidole. Mafundi barazani hawakukosa kazi hata dakika moja. Jioni aliletewa chai, akashindwa kuinua kikombe, akakishika kwa mkono wa kushoto na kusema amezeeka. Bega lile halijapona sawasawa mpaka leo. Hulia kabla ya mvua, na mafundi humuuliza bega lake kabla ya kuanika nguo. Wao hufanya mzaha. Mimi kila niliposikia mzaha huo nilitafuta kitu cha kubeba.

Siku ya Krismasi nilikuwa kanisani, benchi la nyuma, nikipanga jinsi ya kuiondoa mita watu wakitoka. Pango lilikuwa pembeni ya altare, Yusufu amesimama na fimbo, namba zikielekea ukutani. Lakini watoto walikuwa wengi, wakakalishwa kwenye mkeka upande ule wa ukutani. Padri ndiyo kwanza ameanza mahubiri, mtoto mmoja akaanza kusoma kwa sauti ya shuleni, "Kumi, ishirini, thelathini..." Wenzake wakampokea. Walipofika mia walishangiliwa. Padri akashuka, akamzungusha Yusufu taratibu, na kanisa lote likaiona mita ya Mama Iteka. Hata wanakwaya walishindwa kuimba. Mzee Tomasi alicheka mpaka akafuta macho kwa tai.

Protasi akasimama, akasema kosa ni lake. Alisema aliikusanya pamoja na fito za pango bila kutazama. Yakaisha. Hakuna aliyefukuzwa. Nilimshukuru Mungu kwa jinsi alivyomfanya Protasi kuwa msahaulifu.

Mwaka 2022, kabla ya zoezi kuanza, Mama Iteka alikwenda mpaka kwenye pango, akachomeka kipande cha mwanzi kwenye tundu la mkono wa Yusufu. "Mzee wa watu asiingizwe vishawishini," akasema, akanitazama. Nilicheka pamoja na wengine. Mwaka 2023 akafanya hivyo tena. Februari 2024, nilipoaga kuja huku kutafuta maisha, alinikatia kitambaa cha shati, mita mbili, akaweka vidole vitatu. Nikamuuliza, "Cha tatu cha nini, Mama?" Akasema, "Cha Yusufu." Nilidhani ananiombea safari njema. Nililivaa shati hilo mpaka kola ikaisha.

Wiki iliyopita nilimpigia simu Protasi, aniambie habari za Mama Iteka kanisani niziweke hapa. Aliniambia Mama amekuwa mweka maua wa altare miaka kumi na minane, na kwamba hajawahi kukosa misa isipokuwa mara mbili. Kisha akauliza, "Na ile ya fimbo utaiandika?"

Nikamuuliza fimbo ipi, kana kwamba Yusufu wa Rulenge ana fimbo nyingi.

"Danstan, mwanangu, mimi si kipofu. Niliiona usiku ule ule tulipopanga pango. Tarehe 24 saa tano asubuhi nilikuja dukani nikapenya ile foleni, nikamnong'oneza Mama, 'Mita yako anayo Yusufu, nikuletee?' Akauliza, 'Namba zimetazama wapi?' Nikasema ukutani. Akaangalia mlango wa nyuma, na wewe ulikuwa unapita na saruji, umeinamisha kichwa. Akaniambia, 'Mwache Yusufu nayo mpaka kesho. Mzee leo ana hasira, na yule ana mtoto mchanga.' Akashika ncha ya kitambaa puani, akaendelea kupima."

Saa tano asubuhi. Ilikuwa imebaki kazi ya saa saba nzima. Mita ilikuwa umbali wa saa moja kwa miguu, naye alijua ilipo, akaupima umati ule wote kwa bega lake mpaka jua likazama, kwa sababu mimi nilikuwa na mdomo sikuutumia. Kisha wakapanga na katekista nani atabeba kosa kanisani. Kwa miaka minne akaniacha nijiite mwizi asiyekamatika, akininunulia soda.

Basi ndugu wafanyakazi, futeni ile hesabu ya vichwani. Mama Iteka amekamata wezi kumi. Wa kumi ni mimi, na ndiye pekee aliyemwachia. Mzee Tomasi, shikamoo. Aliyeichezea mita ni mimi. Ukisema nisikanyage dukani, nitakaa barazani na mafundi niwapigie pasi, na utakapopita kwenda kusimama kwenye foleni nitakusalimia.

Kwa niaba ya waliopakua, walioshona, waliouza na waliofagia, ukiwemo wewe Mzee, namshukuru Mama Iteka kwa miaka hii yote. Ametufundisha kuijua sura ya mteja kabla ya mteja kujijua. Ametufundisha kwamba duka linapimwa na kile linachokiacha mbele ya mkasi. Mita anamkabidhi Joyness, naye amesema atajifunza na vidole. Mama, tunakuombea uzee wenye afya, wajukuu wenye kelele, bega lenye kutabiri mvua ndogo tu, na kila siku ya maisha yako ukatiwe kamili, kisha vidole viwili juu yake.

Msimamizi wangu hapa kambini amenipa ruhusa ya siku kumi na sita, baada ya kumsomea karatasi hii. Alicheka, kisha akauliza bega linaendeleaje. Naondoka Tunduru Ijumaa tarehe 19. Tarehe 24 Mama ataamuru tu, mimi nitakunjua majora na kuyabeba mpaka jioni. Lakini tarehe 23 saa saba mchana nakuja kama mwizi, kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nikimwachia anikamate kwa huruma atajua, na hatanisamehe hilo.

Natarajia kushuka Rulenge Jumatatu tarehe 22 Desemba, jioni, Mungu akipenda. Mwambieni Yusufu mwaka huu ajitafutie fimbo yake mwenyewe.